Spika zikivuma: lini utafute XLR, lini RCA inakutosha

Mzee mmoja wa Magomeni aliniita nikamtazamie amplifaya. Ana hazina ya taarabu za zamani, na kilichomnyima raha ni kile kituo kifupi kabla kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, haijaingia: mahali pa kimya, spika zilikuwa zinavuma mfululizo. Alishashauriwa auze amplifaya anunue nyingine yenye matundu ya XLR, yale ya duara yenye pini tatu. Nilimwomba anipe nusu saa kabla hajatoa hata shilingi. Nawe nakuomba hivyo hivyo.

Elewa kwanza mvumo unapoingilia. Waya wa RCA, ule wa vichwa vyekundu na vyeupe, una njia mbili tu: ncha ya katikati na gamba la nje. Gamba limebebeshwa kazi mbili, kuikinga ncha dhidi ya makelele na kurudisha mkondo wa muziki wenyewe. Vifaa viwili vikiwa na ethi, yaani muunganiko na ardhi, kwa njia mbili tofauti, mkondo mdogo wa umeme hupita kwenye gamba hilo kutoka kimoja hadi kingine. Gamba lina ukinzani kidogo, basi hapo huzuka volti ndogo, na amplifaya haina namna ya kuitenga na muziki. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo utasikia 50, mara nyingi na 100 juu yake.

Laini ya balansi, ile inayotumia XLR, ina njia tatu. Kwenye XLR, pini 1 ni ngao. 2 na 3 ndizo za muziki. Kifaa kinachopokea hupima tofauti kati ya 2 na 3, basi. Fikiria mizani ya sahani mbili: ukiweka jiwe la uzito uleule kila upande, mkono haulali popote. Kelele huziangukia nyaya zote mbili sawasawa na kufutika. Muziki uko kwenye ile tofauti, ndio unaobaki. Wengi huamini siri ni pini 3 kubeba muziki uliogeuzwa. Siri ni usawa wa ukinzani wa nyaya hizo mbili kuelekea ethi. Hata pini 3 ikikosa muziki kabisa, kelele itafutika vilevile.

Sasa kazi. Zima amplifaya, chomoa nyaya zote za RCA zinazoingia, washa tena. Mvumo ukibaki, ugonjwa umo ndani, mara nyingi kapasita za pawa zimechoka, na XLR haitautibu. Kukiwa kimya, rudisha kifaa kimoja kimoja, ukizima amplifaya kila unapochomeka. Kwa mzee, deki ya CD haikuvuma. Televisheni haikuvuma. Tulipofika kwenye king'amuzi, vuuu! Nikafungua waya wa dishi nyuma yake, kukawa kimya. Dishi lilifungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini: king'amuzi kilikuwa na ethi ya uani, amplifaya ina ya ukutani. Dawa ilikuwa transfoma ya kutenganisha sauti, kidude chenye matundu ya RCA pande zote mbili, katikati ya king'amuzi na amplifaya. Muziki hupita kwa sumaku, wala hakuna waya unaounganisha pande hizo. Amplifaya yake ni ileile hadi leo.

Chanzo kisipokuwa dishi, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja usikilize tena. Mara nyingi hilo pekee hupunguza mvumo.

Lakini usikate kamwe pini ya ethi ya plagi! Nimekuta nyumba nyingi wamefanya hivyo. Mvumo unaondoka kweli, ila siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, volti 230 zinamsubiri mtoto atakayeishika.

Balansi ninaipendekeza bila kusita pale ambapo spika zina amplifaya ndani yake, ziko mbali, mita nane au kumi, kila moja kwenye soketi yake ya ukutani. Kwa waya wa mita moja ndani ya kabati, RCA nzuri inatosha. Na ukishaweka adapta ya kugeuza XLR kuwa RCA, balansi imekufa hapo hapo.

Chanzo chako kikiwa na RCA tu na spika zina XLR, tengeneza waya hivi. Chukua kebo ya nyaya mbili ndani ya ngao. Waya wa kwanza: ncha ya RCA hadi pini 2. Wa pili: gamba la RCA hadi pini 3. Ngao: gamba la RCA hadi pini 1. Mkondo wa ethi utapita kwenye ngao, muziki utakuwa na njia yake, na mvumo utapungua sana. Kutoka XLR kwenda RCA ni habari nyingine: baadhi ya vifaa haviruhusu pini 3 kuunganishwa na ethi, soma kitabu chake kwanza.

Ukitaka kulinganisha kwa masikio, jihadhari na sauti kubwa. Deki nyingi za CD hutoa volti 2 kwenye RCA na 4 kwenye XLR, ongezeko la desibeli 6, na sikio huipenda iliyo juu. Punguza upande wa XLR hadi zilingane, kisha weka wimbo unaoujua vizuri na usikilize pale pa kimya.