SOMO: Matufaha ya mdalasini yenye ganda kavu la oti, kwa eafraya (kikaangio cha umeme cha hewa moto)

Wakuu, "juu imeungua, chini mabichi" imeshajibiwa mno. Someni kwanza, ndipo muulize.

Chini: matufaha 3 ya kijani, yale magumu machachu (mekundu laini yanageuka uji), ndimu nusu, sukari vijiko 2 vya chakula, mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, unga wa ngano kijiko 1 cha chai. Ganda: oti nusu kikombe, unga wa ngano robo kikombe, sukari ya kahawia robo kikombe, siagi baridi gramu 50, chumvi chembe.

1. Menya, toa mbegu, kata vipande vya sentimita moja na nusu. Changanya na vitu vya chini.

2. Tia kwenye sufuria ndogo inayoacha upenyo wa kidole pande zote za kikapu.

3. Funika kwa foili, nyuzi 180, dakika 12. Ganda bado!

4. Vunjavunja siagi kwenye unga, oti, sukari na chumvi kwa ncha za vidole, ibaki kama mchanga wenye vijiwe. Joto la mchana hapa Mwanza linalegeza siagi upesi. Ikianza kung'aa vidoleni, rudisha bakuli kwenye friji dakika 15.

5. Hapa ndipo wengi mnaharibu. Eafraya ina feni juu, na waya wa moto uko karibu kabisa na chakula. Ukiweka ganda tangu mwanzo, sukari inaungua kabla tufaha halijalainika. Kwa hiyo funua, choma tufaha kwa uma. Likipenya bila kulazimisha, ndipo umwage ganda. Ligandamize kidogo kwa mgongo wa kijiko, la sivyo feni itapeperusha oti. Shusha hadi nyuzi 160, dakika 8 hadi 10, chungulia ya 6. ONYO: foili ikunjwe ibane ukingo wa sufuria. Ikilegea inanyanyuka na kugusa waya wa moto.

6. Acha dakika 10. Ganda hukakamaa likipoa.

MASWALI

— Nyuzi ngapi mkuu?
Hatua ya 3. Na ya 5.

— Nimefuata kila kitu, ganda limekuwa kama chapati mbichi.
Siagi gani?
— Ya kopo, ya kupaka mkate. Niliiyeyusha.
Basi hujafuata kila kitu.

— Samahani, ule unga kijiko kimoja chini una kazi gani?
Swali zuri, dada. Tufaha likiiva linatoa maji. Wanga wa unga unayashika yawe rojo. Usipoweka, mvuke na maji vinapanda kulowesha ganda.

— Linakula umeme?
Ya wati 1500 kwa dakika 22 haizidi sana uniti nusu.

— Sina oti.
Karanga za kuchoma, zitwange nusunusu. Siagi punguza iwe gramu 35, karanga zina mafuta yake.

— Nanasi la Geita je?
Linafaa sana, ila lichuje kwanza, weka unga vijiko 2, ndimu acha.

— Jana nilikaangia humo dagaa wa soko la Mwaloni. Itanuka?
Itanuka. Loweka kikapu kwa maji moto na sabuni. Chomoa umeme, ngoja ipoe, pangusa karibu na feni kwa kitambaa chenye limau. Mafuta ya dagaa yanajificha pale. Kisha washa tupu nyuzi 180, dakika 5.

— Na sangara?
Sangara ana somo lake.