Wiski ya single malt ya bei nafuu: jinsi ya kuionja na kujua kama inastahili bei yake

Kazi inaanzia dukani. Lebo isomeke "Single Malt Scotch Whisky", maana yake kimea cha shayiri tupu, kiwanda kimoja, na angalau miaka 3 ndani ya mapipa ya mwaloni huko Scotland. "Blended Malt" imetoka viwanda zaidi ya kimoja. Inaweza kuwa tamu sana, lakini ni bidhaa nyingine. Umri ulioandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Rangi isikushawishi, kwa sababu sheria inaruhusu kutia karameli. Ukiwa Kenya au Tanzania, skani stempu ya ushuru kwa programu ya simu, Soma Label (Kenya) au Hakiki Stempu (Tanzania), kabla hujalipa.

1. Piga hesabu ya kilevi. Zidisha ujazo kwa asilimia. Mililita 700 kwa asilimia 40 ni mililita 280 za kilevi. Kwa asilimia 46 ni 322. Chupa ya 750 yenye asilimia 43 inatoa 322.5, kwa hiyo inalingana na ile ya 700 yenye 46 ingawa kwa macho ni kubwa zaidi. Gawa bei kwa namba hiyo. Hesabu haikuambii lolote kuhusu ladha, ila inafichua umeuziwa maji kiasi gani. Single malt kama Deanston 12 na Bunnahabhain 12, zote za asilimia 46.3, hazichujwi kwa baridi, yaani hazipozwi na kuchujwa ili kuondoa mafuta, na mafuta yanayobaki ndiyo yanayoipa wiski uzito mdomoni. Ikipata maji au baridi huweza kufanya ukungu. Haijaharibika.

2. Mimina mililita 20 kwenye glasi iliyobana mdomo, bila barafu, uiache dakika 10.

3. Nusa ukiwa umefumbua mdomo kidogo, pua ikiwa juu ya ukingo wa glasi. Ukiizamisha ndani, kilevi kitaichoma na hutanusa kitu tena kwa muda. Pipa lililotunza bourbon (wiski ya Marekani) huleta vanila na nazi. La sheri (divai kali ya Hispania) huleta zabibu kavu na karafuu. Harufu kali ya vanishi kwa kawaida ni dalili ya wiski changa. Ya kiberiti kilichowashwa hutokana mara nyingi na mapipa ya sheri yaliyofukizwa salfa, na hiyo haiondoki kirahisi hata ukisubiri.

4. Onja mara mbili. Funda la kwanza huamsha mdomo tu, usilitolee hukumu. La pili lizungushe sekunde 10, meza, kisha hesabu sekunde ambazo ladha inabaki. Hapa ndipo wiski nyingi za bei ya chini zinapoanguka: zinaanza na utamu mzuri, halafu ladha inakatika na kubaki joto kooni na ukakasi wa mbao kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Ikiwa baada ya sekunde 20 bado unatambua tunda au kimea, umepata kitu. Ukionja chupa kadhaa, tema.

5. Sawazisha nguvu kabla ya kulinganisha. Wengi huruka hatua hii, na wiski kali inashinda kwa ukali wake tu. Mililita 30 za asilimia 46 ukiongeza 4.5 za maji zinashuka hadi 40. Tumia bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, na maji yasiyo na klorini.

6. Linganisha bila kujua ipi ni ipi. Mtu mwingine amimine wiski unayoipima kando ya ile unayoifahamu, Glenfiddich 12 kwa mfano, na aweke alama chini ya glasi. Andika ipi ungeinunua tena na kwa shilingi ngapi, ndipo ugeuze glasi. Bei uliyoandika ikiwa chini ya ya dukani, iache.

Rudia baada ya wiki moja, maana chupa iliyofunguliwa leo huweza kuwa na ukali unaopungua ikipata hewa. Ihifadhi ikiwa imesimama, mbali na jua. Ukiilaza, kilevi kitakula kizibo.