Somo: Jijengee modeli ya kukadiria moshi wa mitambo na magari, anza na kijiko kimoja (mtambo wa kuchimba)

Wadau, somo la leo halihitaji programu ya gharama. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, na anayejua Python atahamishia huko baadaye. Tunataka kukadiria hewa chafu inayotoka kwenye injini bila kufunga kipimo chochote kwenye ekzosi. Naanza na mitambo ya ujenzi kwa sababu hesabu yake ni nyoofu. Magari ya barabarani yana vituko vyake, tutayafikia.

Hatua ya 1: Orodhesha mitambo. Mstari mmoja, mtambo mmoja: kijiko, greda, tingatinga, jenereta, forklifti. Andika nguvu ya injini, mwaka ilipotengenezwa na aina ya mafuta. Nguvu isome kwenye kibao cha injini, usimuulize dereva. Ukikuta nguvu farasi, zidisha kwa 0.746 upate kilowati.

Hatua ya 2: Tafuta saa za injini. Hapa ndipo modeli nyingi hufia. Msimamizi wa eneo moja la ujenzi aliwahi kuniambia kijiko chake kinapiga kazi saa 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Nikazidisha, nikapata saa 3,120 kwa mwaka, nikaandika ripoti yote. Nilipokuja kupanda juu ya mtambo na kusoma mita ya saa, mwaka mzima ilikuwa imesogea 1,500 hivi. Mzee wa watu hakunidanganya. Alinipa saa za dereva kuwepo kazini, mimi nikazifanya saa za injini. Siku hizi nasoma mita mwenyewe, kwa tarehe mbili, natoa.

Hatua ya 3: Weka kiwango cha mzigo. Injini haitoi nguvu yake yote muda wote. Modeli ya NONROAD ya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, hutumia 0.59 (yaani asilimia 59 ya nguvu yote) kwa kijiko cha kuchimba, 0.43 kwa jenereta, na 0.21 kwa ile trekta yenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Hiyo ya mwisho huwashangaza wengi, lakini kaa nayo asubuhi moja uone: inachota mara mbili, inasubiri lori, inanguruma tu, inachota tena.

Hatua ya 4: Chagua kipimo cha utoaji, yaani gramu za uchafu kwa kila kilowati-saa. Kwa oksidi za nitrojeni, injini ya dizeli ya ukubwa wa kati iliyoandikwa "Tier 1" kwenye kibao (daraja la 1 la viwango vya moshi vya Marekani) ina ukomo wa gramu 9.2. Ile ya daraja la 4 la mwisho ina ukomo wa gramu 0.4. Kumbuka hizo ni namba za maabara, injini ikiwa nzima.

Hatua ya 5: Zidisha.

Uchafu = idadi × kilowati × kiwango cha mzigo × saa × kipimo cha utoaji

Kijiko chetu kina kilowati 110: 110 × 0.59 × 1,500 = kilowati-saa 97,350. Kwa gramu 9.2 unapata kilo 896 za oksidi za nitrojeni kwa mwaka. Kwa daraja la 4 unapata kilo 39. Kazi ileile, shimo lilelile.

Hatua ya 6: Ibane modeli kwa mafuta. Mimi hatua hii siiruki. Injini ya dizeli ya aina hii hula takribani gramu 230 za mafuta kwa kilowati-saa. Kijiko chetu basi kingekula kilo 22,390, ambazo ni kama lita 26,650 kwa mwaka. Sasa fungua daftari la mafuta. Likisema lita 18,000, mtambo wako haubebi mzigo wa 0.59 bali kama 0.40, na namba zako zote za juu zishuke. Likisema lita 35,000, ama mita ya saa ni mbovu ama kuna mtu anauza dizeli. Kwa hewa ya ukaa huna haja ya mzunguko wote huo: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.68 hivi, ya petroli 2.3.

Hatua ya 7: Magari. Gari halina mzigo wa wastani wa kuaminika, maana linasimama, linachomoka, linapanda. Modeli ya MOVES ya EPA hiyohiyo, ambayo tangu toleo la 2014 imeibeba NONROAD ndani yake, hukokotoa nguvu inayohitajika kwa kila tani, sekunde kwa sekunde. Kwa gari dogo, kanuni inayotumika sana ni hii:

Nguvu (kW kwa tani) = v × (1.1a + 9.81 × mwinuko + 0.132) + 0.000302 × v³

v ni mwendo kwa mita kwa sekunde, a ni mchapuko. Mwinuko wa asilimia 6 uandike 0.06. Gari likienda kilomita 60 kwa saa kwenye tambarare linahitaji 3.6. Lipandishe mlima wa asilimia 6 kwa mwendo uleule: 13.4. Ndiyo maana wastani wa mwendo peke yake hauwezi kukuambia kinachotokea kwenye mlima wa Kitonga.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini nisipakue MOVES moja kwa moja? Si ni ya bure?*
Ni ya bure, ndiyo, inatumia Java na hifadhidata ya MariaDB. Shida ni kwamba ndani yake mna magari ya Marekani, umri wake, viwango vyake na hali ya hewa ya kaunti zake. Ukiiendesha bila kubadilisha hayo unapata makadirio mazuri ya Ohio. Kwa magari yetu ya mtumba kutoka Japani, modeli ya COPERT ya Ulaya wengi huiona nyepesi kuanza nayo, ila nayo itakudai idadi, umri na kilomita.

*Gari limetolewa sega la ekzosi (kile kifaa cha kusafisha moshi), sega likauzwa. Naliwekaje?*
Litenge kundi lake, ulipatie kipimo cha gari la petroli lisilo na sega. Usilichanganye kwenye wastani, kwa sababu machache ya namna hiyo hubeba sehemu kubwa ya uchafu wa kundi zima.

*Bodaboda je?*
Kipimo siyo tatizo, nyingi ni injini za mipigo minne. Tatizo ni kilomita. Piga picha odomita za vijana wa kijiwe kimoja leo na baada ya mwezi. Zilizokufa ziache.

*Nitajuaje modeli yangu haidanganyi?*
Pima mahali pamoja ulinganishe. Mwaka 1987 watafiti walipima hewa ndani ya handaki la Van Nuys, California. Kaboni monoksaidi ilikuwa karibu mara 2.7 ya ilivyotabiriwa na modeli ya jimbo, na haidrokaboni karibu mara 3.8. Wewe huna handaki, lakini daftari la mafuta unalo.

*Mita ya saa imekufa, na daftari la mafuta halipo.*
Basi funga mita mpya, urudi baada ya miezi mitatu.