Kabla hujatoka Malindi kwenda kutafuta spika Mombasa

Watu wakisikia nataka kwenda Mombasa kutafuta spika huniuliza bei na kampuni, mimi nasema andaa masikio na nyimbo kwanza, manake dukani mtu anadanganyika kwa dakika mbili tu. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, na ukipatana na jemu ya Mtwapa unafika umechoka, jasho linakutoka, mbele yako kuna spika zinang'ara, hapo kurudi mikono mitupu inakua ngumu na ndo watu wananunua kitu ambacho hawakukitaka.

Nyimbo ndo muhimu kuliko yote. Usikubali kusikilizishwa ile klipu ya duka, hiyo imechaguliwa sababu kila spika inaipiga vizuri. Tia kwenye flashi nyimbo tano sita unazozijua mpaka mwimbaji anapovuta pumzi, ziwe FLAC, yaani faili ambazo sauti haijapunguzwa, ama beba CD yenyewe, sio MP3 zilizobanwa za 128 zilizozunguka WhatsApp mwaka mzima. Mimi huenda na taarab ya zamani ya Mombasa, kuna mahali tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, inapiga peke yake halafu dumbaki inajibu kwa chini, na kwenye spika nzuri unasikia vidole vikigusa ngozi, na bibi anaimba katikati kabisa kama amekaa baina ya hizo spika mbili. Kwenye spika mbovu tashkota inachoma masikio na dumbaki ni bum, bum, basi.

Jambo la pili ni ukubwa wa sauti, na hapa niliumia. Kuna duka muuzaji alinipigia spika ya kwanza, akahamisha waya kwenye ya pili, hii ya pili ikawa na uhai zaidi nikalipa, kufika nyumbani baada ya wiki nimegundua haikua nzuri zaidi, ilikua na sauti kubwa zaidi tu. Sikio letu likisikia kitu kimezidi hata desibeli moja linasema hiki ndo kizuri. Sasa naweka app ya kupima desibeli kwenye simu, naishika pale pale nilipokaa, na kila spika ikiingia nasawazisha volyumu kwanza ndo nasikiliza. Pia uliza spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, kila desibeli 3 zikipungua amplifaya inahitaji nguvu mara mbili, kwa hivyo spika ya 84 inataka wati 40 kufikia pale ile ya 90 inafika kwa wati 10. Na nyuma ya amplifaya yako piga picha uone inakubali spika za omu ngapi (kipimo cha ukinzani wa umeme), 4 ama 8.

Pima sebule yako kabla ya kutoka. Futi ngapi kwa ngapi, spika zitakaa umbali gani na ukuta, manake ukisukumia spika kwenye pembe besi inafura. Dukani kumejaa maboksi yanameza mwangwi, lakini nyumba zetu ni vigae chini, kuta tupu, dirisha kubwa, piga kofi moja hapo sebuleni usikie inavyolia. Ikiwa inalia hivyo basi weka pesa ya zulia na mapazia kwenye bajeti, usimalize zote kwenye spika.

Kwa vitu vya mtumba, ndugu zangu, someni kibandiko cha nyuma. Vingi vizuri vya Japani vimeandikwa 100V na umeme wetu ni 240V, ukichomeka moja kwa moja umeua transfoma, lazima ununue ile ya kushusha umeme. Halafu angalia ule mpira unaozunguka wufa, ile spika kubwa ya besi, ukiwa wa sponji na unabaki kwenye kidole kama unga, umeoza. Isukume wufa polepole kwa vidole vya mikono miwili, ikikwaruza koili, ule waya uliozungushwa ndani, imeharibika, iache.

Siku ya kwenda isiwe Ijumaa mchana, maduka mengi yanafunga kwa swala, na piga simu mapema uambiwe ile spika iko na imeunganishwa, sio iko stoo. Njiani usifungue redio kwa nguvu, masaa mawili ya kelele na upepo wa dirisha yanachosha masikio na huwezi kusikia tashkota sawasawa. Ukifika kunywa maji, kaa kimya nusu saa, ndo uingie.

Kurudi beba blanketi mbili na kamba. Spika zisimame, zisilale kwa uso, na usiziache kwenye gari lililofungwa juani ukisimama kula Kilifi. Ikiwa umenunua mashine ya santuri, mkono wa sindano ufungwe, ule uzani wa nyuma utolewe na ukae mfukoni mwako mpaka nyumbani.