Kubadilisha shoki za Canter mwenyewe nyumbani, kazi ndogo kutu nyingi

Kama una Canter au lori lolote dogo la springi za mabapa na unaishi huku Malindi, shoki, yaani zile bomba za oili zinazotuliza mdundo wa springi, utazibadilisha mapema kuliko mtu wa bara, utake usitake. Yangu hubeba mawe ya timbo, siku nyingine maembe kutoka Marafa, na ile barabara mnaijua. Kazi yenyewe ni nati moja juu na moja chini kwa kila shoki, basi, kinachokula siku nzima ni kutu, kwa sababu huku kusi ikivuma ule unyunyu wa chumvi unaingia mpaka kwenye kufuli la mlango sembuse boliti iliyo chini ya gari.

Kwanza hakikisha ni shoki kweli zimekufa. Ile ya kusukuma bodi kwa mkono uone inacheza mara ngapi ni ya gari ndogo, Canter utaisukuma hadi magharibi. Wewe endesha kama kilomita kumi kwenye rafu, simama, ingia chini upitishe mkono karibu na kila shoki halafu uiguse taratibu, na egzosti ikae mbali nawe. Shoki inageuza ule mrusho wa springi kuwa joto, kwa hivyo inayofanya kazi utaikuta ina joto, iliyokufa utaikuta baridi kama haikuwa safarini. Tazama na oili pia, jasho kidogo lililoshika vumbi si neno, lakini ikiwa imelowa mpaka kwenye jicho la chini, ile pete inayopitisha boliti, hiyo imekwisha. Na pitisha kiganja juu ya tairi, ikiwa imelika kwa mabaka, bonde kilima bonde kilima, ujue gurudumu limekuwa likidunda.

Kununua, nunua mbili za ekseli moja, usibadilishe upande mmoja ukaacha mwingine. Nenda na ya zamani dukani kama unaweza, mkizilaza sambamba mlinganishe urefu zikiwa zimefungwa na zikiwa zimevutwa, tundu la jicho, na kichwa cha juu kama ni cha jicho au cha pini, yaani ncha yenye nyuzi za nati. Za mitumba mimi sinunui, oili na sili zimeshazeeka humo ndani.

Na kabla sijaendelea, kama gari yako mbele ina springi ya koili imeizunguka shoki, hii si yako. Ile springi imebanwa, ikifyatuka inaua mtu. Mpelekee fundi mwenye kifaa chake.

Jioni ya kabla ya kazi ndiyo muhimu. Chukua brashi ya waya, sugua nyuzi za boliti zote mpaka uone chuma, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, kula chakula chako, rudi unyunyize tena, lala. Mara ya kwanza mimi niliruka hii, nikaweka spana na kipande cha paipu ya maji kwa mbele nikaegemea na mwili wote, nikasikia "tak" nikafurahi nikidhani imelegea, kumbe pini ya chini imekatika, na kwenye gari yangu pini hiyo imeshikana na braketi ya ekseli. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku tatu na mtu wa kuchomelea juu yake.

Asubuhi weka gari mahali pagumu palipo sawa, si kwenye mchanga, gia ndani, hendibreki juu, kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Gari nyingi za springi za mabapa wala hazihitaji jeki, unaingia chini na magurudumu yamekaa ardhini, na nitasema mbele kwa nini hiyo ni bora. Ikibidi uinue, tumia stendi za chuma au magogo ya mti mgumu, mimi nina vipande viwili vya mbambakofi nilivyopewa na fundi wa mashua. Lakini USIWEKE MAWE YA TIMBO chini ya ekseli. Najua yako kila uwanja hapa, hata mimi nayauza, lakini ni matumbawe yale, yanabeba ukuta vizuri kisha yakipata chuma kwenye pembe yanapasuka bila kukupa habari.

Piga picha na simu namna washa na raba zilivyopangwa. Kisha nati: kaza kidogo kwanza, uvunje ile kutu, halafu legeza. Ikizunguka nusu ikawa nzito irudishe, mafuta tena, endelea, yaani mbele nyuma mbele nyuma kama mtu anayembembeleza punda. Nati ya juu ya pini huwa inazunguka pamoja na fimbo yenyewe, tafuta pale palipokatwa bapa kwenye ncha ushike na spana ndogo. Ikikataa kabisa, ikate nati kwa grainda pole pole ubavuni bila kugusa nyuzi. Moto wa gesi hapana, humo mna oili na nyingine zina gesi iliyoshindiliwa.

Shoki mpya usiifunge ilivyotoka kwenye boksi. Isimamishe wima, ivute mpaka mwisho, ishindilie mpaka mwisho, mara nne tano hivi, mwanzoni utasikia pahali pepesi katikati, hiyo ni hewa, ikisha itakuwa nzito mfululizo. Ya gesi iliyofungwa kamba iache na kamba yake mpaka uwe umeshaielekeza mahali pake, ukiikata inajitanua yenyewe. Ile fimbo inayong'aa usiishike na plaizi hata kidogo, mkwaruzo mdogo tu utakula sili na oili itatoka ndani ya wiki chache. Pini zipake grisi, kifuniko cha vumbi kikae juu isipokuwa walioitengeneza wameandika vinginevyo.

Sasa kukaza. Boliti ya jicho ikaze mwisho gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, si ikiwa ekseli inaning'inia. Ile bushi ya raba inashikwa pale ulipoikazia, ukiikaza ekseli ikining'inia, ukishusha gari inabaki imejisokota muda wote na itachanika mapema, halafu utasema ulinunua feki. Ya pini ya juu kaza mpaka raba ifure ilingane na ukingo wa washa, usiiponde.

Yangu nilienda nayo mpaka daraja la Sabaki na kurudi, mpwa wangu nyuma kwenye bodi anasikiliza. Kulikuwa na kitu kinagonga, tukasimama, kumbe nati ya juu kushoto niliikaza kwa vidole tu nikaenda kuswali adhuhuri nikasahau. Baada ya kama kilomita mia zipitie zote tena na spana, raba mpya hukaa chini kidogo. Na zile za zamani usimpe mtoto wa vyuma chakavu akazikate kwa moto bila kumwambia kama ni za gesi.