Kufinyanga mtungi wa mwezi Nairobi, bila gurudumu

Ukitazama kwa makini mtungi wa mwezi wa Kwon Dae-sup, mfinyanzi wa Korea Kusini, utaona si duara kamili. Tumbo limebonyea kidogo, na katikati pana mstari hafifu mahali mabakuli mawili yalipounganishwa. Kwon, aliyezaliwa mwaka 1952, hufanyia kazi Gwangju mkoani Gyeonggi, eneo lililokuwa na matanuri ya wafalme wa Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Mitungi ya aina hii, dalhangari, yaani mitungi ya mwezi, ilianza huko mwishoni mwa karne ya 17. Udongo mweupe wa kaolini hulegea ukiinuliwa mno, basi wafinyanzi wakafanya nusu mbili na kuzikutanisha mdomo kwa mdomo. Hakuna nakshi wala rangi. Naipenda kazi hii kupita zote, na waweza kuijaribu uani kwako.

Udongo mweusi wa Embakasi uache. Huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nunua udongo wa kufinyangia, uchanganye na chenga za chungu kilichovunjika, zilizotwangwa na kuchekechwa, konzi moja kwa tano. Kanda mpaka ukiukata kwa uzi usione tundu la hewa.

Tumia bakuli moja kwa nusu zote mbili ili midomo ilingane. Upana wa sentimita 20 unatosha. Tandika kitambaa ndani, kisha bandika udongo wa unene wa sentimita 1. Weka kivulini. Hapa ndipo kazi ilipo, maana nusu laini hubonyea na iliyokauka haishiki. Subiri hadi isimame yenyewe lakini ukucha bado uingie. Januari ni saa chache. Julai, kwa baridi yetu, huenda ikalala hadi kesho. Kaa karibu nayo, uiguse mara kwa mara.

Kwaruza midomo kwa uma, paka uji mzito wa udongo uleule, funika nusu moja juu ya nyingine, ubonyeze ukizungusha taratibu. Kata tundu la mdomo wa mtungi juu papo hapo, kisha pitisha kijiko cha mbao ukandamize kiungo kwa ndani. Nje, tafadhali usifute mstari wote. Mtungi uliolainishwa mpaka usionyeshe ulivyoungwa, kwangu, umepoteza uso wake.

Majivu ya jiko hayatakupa glezi ya Kikorea, ule utando wa kioo unaong'aa. Yanahitaji joto la nyuzi 1200 hivi. Sugua kwa kokoto laini badala yake. Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, hung'arisha vyungu vyake kwa kusugua, bila glezi, na sijaona ngozi ya udongo inayozidi hiyo. Kisha funika kwa gazeti na uache majuma mawili au zaidi.

Kuchoma: toboa debe matundu ubavuni. Pasha mtungi moto pole kando ya jiko kwanza, kwa sababu unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kuupasua. Utie ndani ya debe, uuzungushie vumbi la mbao kavu, Gikomba kwa maseremala halikosekani, washa juu, funika kwa bati, uache lifuke usiku kucha mbali na nyumba. Utatoka mweusi wenye mawingu ya kijivu. Usiupake chokaa ili ufanane na wa Korea. Tia majani makavu au tawi, ila maji usitie; utavuja na kulowesha meza.