Faili la mwanafunzi wa F-1: jinsi ya kulitunza ili ukipigiwa simu usitoke jasho

Habarini wadau. Naandika hii kwa sababu sasa ni mara ya tatu naulizwa swali lile lile na Waswahili wenzangu waliopata kazi kwenye ofisi za wanafunzi wa kigeni wenye F-1, yaani viza ya masomo, hapa Marekani: "dada, si kila kitu kipo SEVIS, makaratasi ya nini tena?" Jibu ni kwamba SEVIS, ule mfumo wa kompyuta wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni ya serikali, faili ni la shule, na siku serikali ikikuuliza utaulizwa faili. Mimi ni DSO, yaani yule ofisa wa shule anayesaini I-20, ile fomu ambayo mwanafunzi anaenda nayo kuombea viza, kazi hii naifanya kila siku na nimeshapigwa za uso za kutosha.

Kwanza ujue ukali umetoka wapi. Sheria ya kutaka wanafunzi wa kigeni wafuatiliwe kwa kompyuta ilipitishwa 1996 ikalala tu, halafu ikaja Septemba 11, na Machi 2002, miezi sita baadaye, shule moja ya urubani kule Florida ikapokea barua za uhamiaji kwamba watekaji wawili wamekubaliwa kuwa wanafunzi. Watu wameshakufa na ndege wameangusha! Aibu ile ilikuwa kubwa, mwaka 2003 SEVIS ikawa lazima kwa shule zote zinazopokea wanafunzi wenye viza za F (masomo ya kawaida) na M (masomo ya ufundi). Kwahiyo ukiona wanang'ang'ania tarehe usishangae.

Hatua ya 1: jua nani anaruhusiwa kugusa SEVIS

DSO lazima awe raia wa Marekani au mwenye grinikadi, hata kama kuna mtu mwingine hodari kuliko wote ofisini haruhusiwi kuazimwa paswedi. Na kila mwaka kati ya Desemba 2 na Machi 1 yule DSO mkuu, PDSO, anatakiwa aingie athibitishe kwamba maofisa wote bado wapo kazini. Akisahau mnafungiwa. Weka alama kwenye kalenda, tuendelee.

Hatua ya 2: fungua faili siku ya admishini, usisubiri atue eapoti

Kanuni yenyewe ya serikali kuu ya Marekani ni 8 CFR 214.3(g), isome, sio ndefu. Kwa kifupi inataka uwe na jina, tarehe na mahali alipozaliwa, uraia, anaishi wapi, anasoma programu gani na alianza lini, kama yuko fultaimu, kredi alizomaliza kila muhula, ruhusa ya kufanya kazi kwa mafunzo kama ipo na tarehe zake, na akiondoka aliondoka lini na kwa nini. Pamoja na zile karatasi mlizomkubalia nazo: fomu ya maombi, transkripti, ushahidi wa hela. Sio lazima zote zikae kwako, zinaweza kukaa kwenye mfumo wa admishini, ila wewe DSO lazima uweze kuzifikia. Hapo wengi wanaanguka, maana watu wa admishini wanasafisha mafaili yao kwa ratiba yao na wewe huambiwi, siku unaitafuta benki stetimenti ya mtoto wa watu unakuta imeshafutwa. Mimi navuta kopi zangu mapema, sigombani na mtu.

Sasa wanafunzi wa kutoka nyumbani wana mitego yao miwili. Mmoja ni tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, Wamarekani mwezi kwanza, kwahiyo mtoto kazaliwa tarehe 4 Julai anajaza 04/07 na kwenye I-20 anageuka wa Aprili 7, anaenda nayo ubalozini haifanani na pasipoti, ni vurugu. Mwingine ni majina. Cheti cha form four kina majina matatu, pasipoti ina mawili, fomu ya maombi kajaza lile analojulikana nalo mtaani. Fuata pasipoti, basi, na kopi ya pasipoti iwe ukurasa wa kwanza wa faili.

Hatua ya 3: anwani, na hapa tutakaa kidogo

Anwani inayotakiwa ni pale anapolala. Sio sanduku la posta. Sisi tumekulia kwenye S.L.P., mtu anaona kuandika sanduku ni kitu cha kawaida kabisa, na mwingine anaandika nyumba ya mjomba wake aliyeko mji mwingine kwa sababu "barua zangu zinaenda kwa mjomba". Barua ziende kwa mjomba hamna shida, kuna sehemu ya anwani ya barua, ila ile ya makazi iwe kitanda chake kilipo. Kama ana mke na watoto wa F-2, ile viza ya familia ya mwanafunzi, nao uandike wanakaa wapi.

Akihama ana siku 10 za kukwambia, na wewe ukishaambiwa una siku 21 za kuingiza SEVIS. Tatizo watoto wanahama kama wapangaji wa Sinza, muhula mmoja nyumba tatu, na hawasemi. Mimi nimefanya hivi: kabla ya kusajili kozi kila muhula lazima ajaze kifomu kidogo cha anwani na namba ya simu, asipojaza mfumo unamzuia kusajili. Kelele zilikuwepo mwanzoni, saa hizi wamezoea. Na ile imeili aliyokwambia amehama usiifute, iskani au iprinti iingie kwenye faili ikiwa na tarehe yake, maana siku zako 21 zinahesabiwa kuanzia pale.

Hatua ya 4: kalenda mbili ukutani

Ya kwanza ni ya siku 30. Kila muhula, dedilaini ya kusajili kozi ikishapita una siku 30 kuonyesha kwenye SEVIS kwamba fulani kasajili, au hajatokea kabisa. Ya pili ni ya 21: amebadilisha jina kisheria, amehama, amemaliza mapema, ameacha masomo, amepewa adhabu na shule kwa sababu alitiwa hatiani mahakamani. Usiniambie una kichwa kizuri utakumbuka. Hukumbuki.

Hatua ya 5: ruhusa zote ziwe maandishi, hata za dakika mbili

Hii nimeijua kwa kuungua. Zamani kwenye shule niliyokuwa kabla ya hapa, mwanafunzi alinikuta koridoni analia, anaumwa, anataka kuacha kozi mbili, nikamwambia sawa kaache, barua ya daktari utaniletea. Akaacha, barua hakuleta, mimi nikasahau, na undagradi akishuka chini ya kredi 12 bila ruhusa ya DSO iliyotangulia yuko nje ya status, yaani amepoteza uhalali wa kukaa nchini kama mwanafunzi. Nilipokuja kuulizwa sina kitu cha kuonyesha, nina maneno tu, na maneno ya koridoni hayana tarehe. Yule kijana ilibidi aombe kurudishiwa status, miezi akikaa roho juu, na kosa lilikuwa langu.

Kwahiyo sasa utaratibu ni huu: barua kwanza, na iwe ya daktari mwenye leseni au saikolojisti wa kliniki, sio nesi wa chuo wala mchungaji. Halafu naingiza SEVIS, halafu ndio anaacha kozi. Ruhusa ya ugonjwa haizidi miezi 12 kwa jumla kwenye ngazi ile ya masomo, na kila muhula mpya unaipitisha upya. Kila nikimaliza kitu SEVIS naprinti ule ukurasa wenye tarehe. Kanuni inataka utunze rekodi ya kwamba uliripoti, sio tu kwamba jambo lilitokea, na muda wake ni angalau miaka mitatu baada ya mwanafunzi kuacha kusoma fultaimu. Kama aliomba kurudishiwa status akakataliwa, hesabu miaka mitatu kuanzia siku ya kukataliwa.

Hatua ya 6: siku serikali ikikuuliza

Watu wa uhamiaji wakiuliza kuhusu mwanafunzi mmoja una siku 3 za kazi. Wakiuliza kundi zima, siku 10 za kazi. Kama mwanafunzi yuko mikononi mwao, kakamatwa, unajibu kwa mdomo siku hiyo hiyo, na unaweza kuomba wakuletee ombi lao kwa maandishi baadaye. Omba. Liingie kwenye faili.

Ila usichanganye, hao ni serikali. Mjomba anayelipa ada akipiga simu kuuliza kama kijana anaingia darasani, bila kijana kusaini ruhusa mimi simwambii kitu, namsalimia vizuri shikamoo namuuliza hali basi.

Jambo jingine, Aprili 2025 serikali yenyewe ilifunga rekodi za SEVIS za maelfu ya wanafunzi, shule hazikuambiwa, maofisa walijua kwa kufungua listi ya wanafunzi kwenye SEVIS na kukuta mtu jana alikuwa active leo hayupo. Mwisho wa mwezi ule zikaanza kurudishwa baada ya kesi nyingi mahakamani. Tangu hapo kila asubuhi kabla ya chai nafungua listi naitazama yote, na Ijumaa naisevu kopi yenye tarehe.

Na folda ziite kwa namba ya SEVIS, ile inayoanza na N, usiite kwa jina. Kina Mohamed Ali peke yao ninao wanne.